Wauza nafaka wa Busia: tunawaingizaje watu wa kawaida kwenye Mastodon au Bluesky?

mizani_busia

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na wengine wote habari za kazi.

Umoja wetu una wanachama wapatao 400, wauza mahindi, maharagwe na simsim hapa mpakani upande wa Uganda. Kila asubuhi tunatangaza bei ya siku. Kwa sasa bei inapita njia mbili. Ya kwanza ni kundi la WhatsApp, ambako inazama chini ya salamu, dua na video. Ya pili ni ukurasa wa Facebook. Wanunuzi wa upande wa Kenya wanaufungua bila shida, lakini huku kwetu Facebook imefungwa tangu Januari 2021, hivyo mwanachama lazima awashe VPN (programu ya kukwepa kizuizi) ndipo aone bei ya mahindi yake mwenyewe.

Kamati imekubali tujaribu mtandao uliogatuliwa, ambao hakuna kampuni moja inayoumiliki wote. Tatizo ni watu. Wengi wana Android za bei nafuu zenye RAM ya GB 2, wengine wana simu za tochi, na ukimuuliza mtu barua pepe yake anakutazama tu. Tuanzie wapi? Tuchague Mastodon, yenye seva nyingi za watu mbalimbali zinazowasiliana, au Bluesky? Tuweke seva yetu (kompyuta inayohifadhi akaunti na machapisho) au tupange kwa wengine? Na nimwambie nini mama anayepima maharagwe, ambaye neno "seva" halimhusu?

fundi_wa_nyaya

Ndugu Mizani, huyo mama usimwambie lolote kuhusu seva. Mwambie bei ya leo iko hapa, bonyeza hapa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndipo miradi mingi ya namna hii inapofia. Wenye mradi wanaanza na semina ya uhuru wa mtandao, watu wanapiga makofi, wanafungua akaunti, na wiki ya pili hakuna anayerudi kwa kuwa hakuna cha kurudia. Waganda hawashindwi na teknolojia. Kodi ya mitandao ya kijamii (OTT) ilipoanza Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, watu ambao hawajawahi kusikia VPN walijifunza kuiwasha, na 2021 wakajifunza tena. Hakuna aliyewaeleza VPN inafanyaje kazi. Ndugu zao na wateja wao walikuwa upande wa pili, basi. Nanyi mna kitu ambacho watu wanakihitaji kila asubuhi, kwa hiyo kihamisheni hicho kwanza.

Fungueni akaunti moja ya umoja kwenye Mastodon, kwenye seva iliyopo tayari na yenye wasimamizi wanaoeleweka. Kwa mwezi mzima wa kwanza msimwombe mwanachama yeyote ajisajili. Machapisho ya wazi ya Mastodon yanasomeka kwenye kivinjari bila akaunti. Mtu akija kupima mzigo, kijana wa kamati achukue simu yake, afungue ukurasa wa umoja kwenye Chrome, abonyeze vitone vitatu vya juu kulia, achague kuongeza kwenye skrini ya mwanzo (Chrome ikiuliza, achague njia ya mkato, si kusakinisha), na aupe jina "BEI". Pale penye WhatsApp na kamera panatokea alama mpya. Hakuna nenosiri, hakuna barua pepe. Dakika moja inatosha.

Chapisho lenyewe liwe maandishi, lisiwe picha ya karatasi. Maandishi ni kilobaiti chache tu, picha ni mamia. Tena mkituma linki kwenye kundi la WhatsApp, maneno ya mwanzo yanaonekana palepale kwenye kidirisha cha linki hata kabla mtu hajaifungua. Kwa hiyo tarehe na mahindi viwe mstari wa kwanza:

*JUMANNE, tarehe __. Mahindi makavu, unyevu usiozidi 13.5%: kilo Sh __ / KSh __. Maharagwe Nambale: __. Maharagwe ya njano: __. Simsim: __. Anayenunua leo: __. #BeiNafakaBusia*

Mastodon kwa kawaida inaruhusu herufi 500, na hayo yote yanaingia. Tarehe msiiache kamwe, kwa sababu linki ya Ijumaa itasambazwa Jumatatu na mtu atagombana na mteja. Bei ikibadilika mchana, hariri chapisho lilelile. Waliolisambaza wanaarifiwa kuwa limehaririwa, na historia ya mabadiliko inabaki ikionekana, jambo linalozuia maneno kwenye biashara ya mpakani.

Mwezi wa pili chagueni watu 10 hadi 15 wanaouliza na kujibu sana kwenye kundi: madalali, wenye malori, wenye mashine ya kupima unyevu. Hao ndio wafunguliwe akaunti, mmoja mmoja, ana kwa ana. Kwa hesabu yangu kila mmoja atachukua dakika 20, na 15 kati ya hizo zitaishia kwenye barua pepe. Simu nyingi zina Gmail iliyofunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, na nenosiri alibaki nalo yeye. Mastodon inatuma barua ya uthibitisho. Isiposomwa, akaunti haifunguki. Kabla ya kujisajili, fungueni Gmail kwenye simu hiyo na mtume barua ya majaribio mkiwa mmekaa hapo hapo. Isipoingia, tengenezeni anwani mpya. Nenosiri liandikwe kwa mkono kwenye daftari la mwenye simu, si kwenye daftari la kamati.

Kosa la pili la kuepuka ni kila mtu kujisajili seva yake. Hashitagi kwenye Mastodon haioni mtandao mzima. Seva inaonyesha yale tu yaliyoifikia, na yanaifikia hasa kwa sababu kuna mtu juu yake anayemfuata mwandishi. Dalali aliye kwenye seva nyingine anaweza kuandika #BeiNafakaBusia na wenzake wasimwone kabisa, naye akadhani anapuuzwa. Dawa ni mbili: hao 15 wakae seva moja, na akaunti ya umoja iwafuate wote na kusambaza upya machapisho yao ya biashara. Mwanachama wa kawaida akifuata akaunti hiyo moja, ameona yote. Atakayepakua programu rasmi akiwa peke yake huenda akajikuta kwenye seva ya mastodon.social, kwa sababu ndiyo inayotangulizwa mbele. Msigombane naye, anaweza kuwafuata akiwa huko huko.

Kwa simu za GB 2 wekeni Tusky, programu nyepesi ya kutumia Mastodon, na kwenye mipangilio zimeni upakuaji wa picha za awali. Kisha waelezeni kuhusu bando. Bando la mitandao ya kijamii linahesabu programu zilizotajwa na kampuni ya simu tu, na Mastodon haimo. Mtu mwenye bando la WhatsApp pekee atafungua Tusky na kuona duara likizunguka, halafu atasema mtandao wenu ni mbovu. Anahitaji data ya kawaida, hata MB chache.

mlinda_domeni

Nakubaliana na Fundi karibu kote, ila kwenye anwani nina neno. Mkibandika sokoni mabango ya QR (alama ya miraba inayopigwa picha na simu) yenye anwani ya seva ya watu wengine, siku seva hiyo ikifungwa mabango yote yamekufa. Mastodon inakuruhusu kuhama: akaunti mpya inaitaja ya zamani kama jina lake lingine, kisha ya zamani inaamuru uhamisho, na wafuasi wanahama wenyewe. Machapisho hayahami. Bei zenu za miezi yote zinabaki nyuma, na seva ikishazimwa hata huo uhamisho hauwezekani, kwa kuwa amri inatoka kwenye akaunti ya zamani.

Kwa hiyo nunueni domeni (jina la tovuti) ya .ug ya umoja leo, kabla ya jambo lingine lolote. Kwa sasa ielekezeni tu kwenye ukurasa wenu wa Mastodon. QR ya bango itumie domeni yenu. Mkihama, mnabadilisha mwelekeo sehemu moja na hakuna bango linalobanduliwa. Domeni iandikishwe kwa jina la umoja, si la katibu, na watu wawili wawe na funguo zake. Tarehe ya kuilipia upya iandikwe ukutani ofisini.

Kuhusu seva yenu wenyewe, mwaka wa kwanza msiiguse. Mkija kuitaka, haya ndiyo mtakayokutana nayo. Mastodon kamili ni programu kadhaa kwa pamoja: PostgreSQL inayohifadhi data, Redis, Sidekiq na tovuti yenyewe. Kwa watu 400 anzeni na RAM ya GB 4. Seva ya kukodi ya ukubwa huo, kwa wakodishaji wa bei nafuu, ni dola chache kwa mwezi. Fedha si mzigo mkubwa. Mzigo ni haya:

Diski inajaa. Seva inahifadhi nakala ya picha zote zinazotoka kwa watu mnaowafuata. Kwenye mipangilio ya msimamizi wekeni muda wa kuhifadhi picha za nje uwe siku 7. Msipouweka, usiku mmoja PostgreSQL itakosa nafasi ya kuandika na kila kitu kitasimama.

Barua pepe hazitoki. Wakodishaji wengi wa seva wanafunga mlango (port) wa 25 unaopitisha barua, hivyo barua za uthibitisho hazifiki na watu wanadhani wamekataliwa. Tumieni huduma ya kutuma barua kupitia mlango 587. Kwa wale wasioweza kupokea barua ya uthibitisho, msimamizi anaweza kuwafungulia moja kwa moja: `tootctl accounts create JINA --email ANWANI --confirmed --approve`. Amri hiyo inatoa nenosiri la muda, mtu analibadilisha akiwa mbele yako.

Domeni haibadiliki. Jina mliloanza nalo ndilo la kudumu, kwa sababu seva nyingine zinawatambua wanachama wenu kwa jina hilo. Kulibadilisha ni sawa na kuanza upya.

Nakala rudufu zikae nje ya seva: `pg_dump` (amri ya kunakili data) kila usiku, pamoja na faili la `.env.production` lenye funguo za siri. Wengi wanahifadhi data na kusahau faili hilo.

Na usajili usiwe wazi kwa kila anayepita. Februari 2024 wimbi la machapisho ya taka (spam) lilizikumba seva za Mastodon likipitia seva ndogo zilizoacha usajili wazi bila mtu wa kuzitazama, na seva nyingine zikaanza kuzifungia. Wekeni usajili wa kuidhinishwa, au linki za mwaliko zenye idadi na muda, na kwenye linki hiyo chagueni kwamba anayejiunga afuate akaunti ya umoja moja kwa moja.

Kuna njia nyepesi pia, GoToSocial, programu nyingine ya seva inayowasiliana na Mastodon. Inatosheka na seva ya RAM GB 1, na kurasa zake za wazi ni HTML tupu. Hilo ni kubwa kwenu, kwa kuwa ukurasa wa Mastodon kwenye kivinjari unapakua JavaScript (msimbo wa ukurasa) nyingi mara ya kwanza na simu za GB 2 zinalemewa. Lakini haina programu yake ya kuandikia. Mtatumia Tusky, au Phanpy kwenye kivinjari.

Jambo la mwisho kuhusu seva ni sheria. Ukishika barua pepe na namba za watu unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na umoja unapaswa kujisajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi. Mkipanga kwenye seva ya wengine mzigo huo unapungua, ingawa orodha ya wanachama mnayoitunza wenyewe bado inawahusu.

mizani_busia

Asanteni sana, wakuu. Domeni tutaianza wiki hii. Nina maswali mawili. Wazee wetu hawaandiki, wanatuma sauti tu. Na vijana wanasema Bluesky ni rahisi zaidi, tusijitese na Mastodon. Wana haki?

dada_itifaki

Kaka Mizani, kwenye kujisajili vijana wana haki. Bluesky haimuulizi mtu achague seva. Ina kitu kizuri sana cha kuanzia, kifurushi chenye hadi akaunti 150: mtu anabonyeza linki moja, anajisajili, na anawafuata wote kwa mara moja. Siku ya kwanza ukurasa wake umejaa. Kwenye Mastodon, hasa seva ndogo, mtu anafungua na kukuta patupu. Tena akimfuata mtu wa seva nyingine anaweza kuona wasifu bila machapisho ya zamani, kwa sababu seva yake inaanza kupokea kuanzia siku hiyo. Mwambieni mapema, la sivyo atafikiri huyo mtu hajawahi kuandika.

Na domeni anayosema Mlinda inafanya kazi huko pia. Bluesky inakubali domeni yenu iwe jina la akaunti. Kwenye DNS (mipangilio ya domeni yenu) mnaweka rekodi aina ya TXT kwenye `_atproto` yenye kitambulisho cha akaunti, na mnunuzi anajua kwa kuitazama kwamba hii ndiyo akaunti halisi ya umoja. Matapeli wa mpakani wataiga picha yenu na maneno yenu, lakini domeni hawana. Lakini watumiaji wengi wa Bluesky bado wako kwenye seva za kampuni ileile moja. Njia ya kuhama ipo, na kwa mtu wa kawaida ni ngumu kuliko ya Mastodon. Kwa umoja unaokimbia hatari ya kufungiwa mahali pamoja, hilo lipimeni vizuri.

Swali la wazee ndilo lingeniamulia mimi. Mastodon inapokea faili la sauti, Bluesky haipokei. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni faili la .opus, na Mastodon inalikubali. Mzee anasema bei kwa WhatsApp kama alivyozoea, kijana wa kamati analihifadhi faili, analiambatisha kwenye chapisho la bei, na kwenye sehemu ya maelezo ya kiambatisho anaandika alichosema mzee. Sauti iwe fupi, nusu dakika inatosha. Wanachama wasiosoma wanabonyeza alama ya BEI na kusikiliza. Hapo mmewapata watu ambao hata ukurasa wa Facebook haukuwahi kuwahudumia.

Wale wa Bluesky msiwaache. Kuna daraja, Bridgy Fed. Akaunti yenu ya Mastodon ikifuata `@bsky.brid.gy@bsky.brid.gy`, inaonekana Bluesky kwa jina linaloishia na `ap.brid.gy`, na vijana wanaifuata kutoka huko. Bluesky inaruhusu herufi 300, kwa hiyo chapisho refu litakatwa na kuwekewa linki. Ndiyo sababu nyingine ya mahindi kutangulia.

Lugha nayo. Anayeandika achague Kiswahili kwenye kitufe cha lugha cha chapisho. Simu nyingi hapa zimewekwa Kiingereza, basi chapisho la Kiswahili linaondoka limebandikwa Kiingereza, na mtu wa Mombasa au Bukavu aliyechuja apate Kiswahili tu halimfikii.

Na hili nawaomba mlifundishe kabla ya kitu kingine chochote: ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa siri kama wa WhatsApp. Msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Zaidi ya hapo, ukitaja anwani kamili ya mtu wa tatu ndani yake, na yeye anaupata. Dalali akiandika kwa faragha "huyu fulani halipi" akaweka anwani yake, fulani amesoma. Makubaliano ya bei ya mtu na mtu, namba za pesa za simu, na malalamiko vibaki WhatsApp. Kundi msilifunge. Bei peke yake ndiyo ihame.

kasuku_wa_masaka

Naongezea kwa wenye simu za tochi. Kwao hakuna mtandao wa kijamii hata mmoja utakaofanya kazi, na wasiachwe. Anayechapisha bei asubuhi anakili maneno yaleyale kwenye SMS kwa mawakala wa stegi, kisha wakala anaandika kwa chaki kwenye ubao. SMS moja ni herufi 160, kwa hiyo mahindi, Nambale na simsim tu. Kwenye ubao huo huo wekeni QR chini. Aliye na Android anayekuja kusoma ubao ataipiga picha, na kesho hatakuwa na haja ya kuufuata ubao.

QR iwe na upana wa sentimita 8 au zaidi, rangi nyeusi kwenye nyeupe, na ijaribiwe na simu yenye kamera mbovu kuliko zote mlizonazo.

mizani_busia

Ubao tunao tayari. Swali la mwisho: intaneti ikizimwa yote kama Januari 2021, mtandao uliogatuliwa unatusaidia?

fundi_wa_nyaya

Hapana, na msimwahidi mtu hilo. Mtandao uliogatuliwa unasaidia jukwaa moja linapofungwa, kwa kuwa hakuna mlango mmoja wa kufunga. Hata hapo, seva yenu ni domeni moja na inaweza kufungwa peke yake kama tovuti yoyote. Mwaka 2021 intaneti yote ilikatwa jioni ya tarehe 13 Januari, kesho yake uchaguzi, na ikarudi tarehe 18. Katika hali hiyo seva iliyoko nje, tuseme Ujerumani, inaendelea kusomwa na wanunuzi wa Kenya, ila ninyi mlio Uganda hamwezi kuifikia wala kuiandikia. Mpangeni mapema mwanachama mmoja anayelala Busia ya Kenya, apewe ruhusa ya kuchapisha, na apelekewe bei kwa mguu au kwa simu ya kawaida.

Kati yenu wenyewe, programu ya Briar ya Android inapeleka ujumbe kwa Bluetooth na Wi-Fi bila intaneti. Lakini watu lazima waongezane kama marafiki kabla, njia nyepesi ikiwa kupigiana QR ana kwa ana, na programu iwe imeshapakuliwa. Umbali ni mfupi, ghala hadi ghala la jirani. Wale watu 15 waliofunguliwa akaunti ndio waongezane, siku hiyo hiyo ya kufunguliwa, wakiwa bado wamekaa meza moja na simu zikiwa mkononi.